Mtoto wa Nyoka na Dawa ya Deni: Uhakiki wa Filamu ya "Hellboy: The Crooked Man"

UTANGULIZI

Katika uhakiki wa filamu zitokanazo na vitabu kuna mazoea mawili, na yote mawili yana kasoro. Zoea la kwanza ni kuipima filamu kwa fedha zilizotumika kuitengeneza, kana kwamba sanaa ni jengo na thamani yake ni hesabu ya mawe na saruji. Zoea la pili ni kuipima kwa utiifu wake kwa kitabu, kana kwamba kazi ya mwelekezi ni ile ya karani anayenakili barua za mwajiri wake. Filamu ya Hellboy: The Crooked Man, iliyoelekezwa na Brian Taylor na kutolewa mwaka 2024, inavuta mizani zote mbili. Anayetumia mizani ya kwanza ataiona dhaifu kwa sababu ni ya gharama ndogo. Anayetumia ya pili ataisifu kwa sababu imekifuata kitabu chake kwa karibu kuliko filamu tatu za Hellboy zilizoitangulia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mizani zote mbili hazifai hapa. Uchache wa fedha ndio ulioipa filamu hii nguvu zake bora, na mahali ilipoanguka haikuangushwa na ufukara wala na ukaidi kwa kitabu, bali na uamuzi mmoja wa kisanaa: kuichukua hadithi ya mtu mwenye deni na kuirudisha kuwa hadithi ya nasaba ya shujaa.

Methali mbili za Kiswahili zinatosha kuubainisha uamuzi huo. Ya kwanza ni "Mtoto wa nyoka ni nyoka", inayoshikilia kwamba asili ya mtu ndiyo hatima yake. Ya pili ni "Dawa ya deni ni kulipa", isiyouliza mtu kazaliwa na nani, bali inauliza ametenda nini na atalilipaje alilotenda. Hadithi nyingi za Hellboy zimejengwa juu ya ubishi na methali ya kwanza. Kitabu cha The Crooked Man kimejengwa juu ya ile ya pili, na upekee wake katika mfululizo mzima umo humo.

SHUJAA MWENYE PEMBE

Hellboy ni mhusika wa hadithi za katuni aliyebuniwa na mchoraji na mwandishi wa Kimarekani, Mike Mignola. Wasomaji walianza kumwona mwaka 1993, na kitabu chake cha kwanza kikaanza kuchapishwa na kampuni ya Dark Horse mwaka 1994. Kwa mujibu wa hadithi, aliitwa kutoka kuzimu kwa uganga mwezi Desemba 1944, Vita Vikuu vya Pili vikielekea ukingoni, na watu waliokuwa wakiwatumikia Wanazi. Alitokea nchini Uingereza akiwa mtoto mdogo mwekundu mwenye mkia, kwato, na mkono wa kuume mfano wa jiwe. Profesa Trevor Bruttenholm alimchukua akamlea kama mwanawe, na alipokua akawa mtumishi wa idara inayochunguza na kupambana na viumbe visivyo vya kawaida. Pembe zake amezikata na kuzisaga mpaka vikabaki visiki viwili kwenye paji la uso. Mkono ule wa jiwe, kwa mujibu wa bishara zinazomfuata kila aendako, ni ufunguo wa kuuangamiza ulimwengu. Yeye anautumia kuwapigia mazimwi.

Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hukabiliwa papo hapo na tatizo la istilahi, nalo si dogo. Kiumbe huyu aitweje? Neno "zimwi" ni la ngano: zimwi humeza watu, hudanganywa na mtoto mwerevu, hupasuliwa tumbo, na halina dhamiri ya kushindana nayo. Neno "pepo" laelekea zaidi kwenye kiumbe asiye na umbo, ampandaye mtu kichwani hata apungwe. Neno "jini" lina nafasi pana zaidi. Majini wana miji yao, wafalme wao na dini zao, na miongoni mwao wamo wema na waovu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, nyoka anayeokolewa na Adili ni Huria, binti wa mfalme wa majini, naye hulipa fadhila kwa uaminifu kuliko ndugu wa damu. Kwa msomaji aliyelelewa na fasihi hiyo, kiumbe mwema wa asili isiyo ya kibinadamu si muujiza wa kushangaza.

Hata hivyo, kumwita Hellboy jini ni kumpunguzia mzigo wake. Jini mwema ni mwema kwa uhalali, kwa kuwa jamii yake inaruhusu wema. Hellboy ametoka katika jamii ambayo, kwa imani ya watu wanaomzunguka, haina mwema hata mmoja. Wema wake ni uasi dhidi ya uzawa wake. Kwa sababu hiyo neno "shetani" ndilo linalofaa, si kwa kuwa ni kamili, bali kwa kuwa linauhifadhi mgongano: huyu ni shetani aliyekataa ushetani. Neno jingine lolote lingeusuluhisha mgongano huo kabla hadithi haijaanza.

KITABU NA DENI LAKE

The Crooked Man kilitolewa kwa sehemu tatu mwaka 2008. Maneno ni ya Mignola, na michoro ni ya Richard Corben, fundi aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 2020. Mwaka 2009 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Eisner katika kundi la mifululizo mifupi. Ushirikiano huo una maana kubwa kwa uhakiki. Mignola anapochora mwenyewe, hujaza ukurasa kwa weusi mzito na kuyaacha mambo mengi ndani ya giza. Corben hutenda kinyume: huchora nyama, mikunjo ya ngozi, mizizi ya miti na udongo, hata msomaji akadhani anaweza kuvigusa. Hapa uchawi si kivuli cha mbali. Ni kitu chenye uzito na jasho.

Hadithi inatendeka mwaka 1958 katika milima ya Appalachia, upande wa Virginia, miongoni mwa watu maskini waishio mabondeni, mbali na miji. Mignola hakuficha kwamba alivutiwa na hadithi za Manly Wade Wellman, mwandishi wa Kimarekani aliyetumia masimulizi ya milima hiyo na kumtembeza ndani yake msafiri mmoja mwimbaji. Kutoka kwake alichukua jambo la msingi kuliko mandhari, yaani nafasi ya mgeni mpita njia, ambaye hufika kijijini, husikiliza, husaidia anapoweza, kisha huondoka.

Mwenye hadithi ni Tom Ferrell. Alipokuwa kijana alivutwa na Effie Kolb, mchawi wa kike, akachemsha paka mweusi na kujipatia mfupa wa bahati. Kwa tendo hilo alijiandikisha, pasipo kuelewa vema, katika daftari la Jeremiah Witkins, ambaye wenyeji humwita "the Crooked Man". Witkins alikuwa bahili wa karne ya 18 aliyetajirika kwa vita, akanyongwa kwa maovu yake, kisha akarudi duniani kumkusanyia Ibilisi roho za watu, na kwa kila roho ujira wake ni senti moja. Tom alikimbia nyumbani, akakaa mbali miaka mingi. Sasa amerudi, na mfupa angali nao.

Jina la mdai huyu lastahili kuangaliwa na wanaisimu. Neno la Kiingereza lililotumika lina maana mbili zilizofungamana: kilichopindika kwa umbo na kilichopindika kwa mwenendo. Kiswahili kina neno lenye uwezo huo huo, nalo ni "kombo". Mti huwa na kombo, na mambo ya watu huenda kombo. Aidha "makombo" ni mabaki ya chakula, yale yaliyoachwa na walioshiba. Mtu Kombo, basi, angekuwa jina lenye utajiri kuliko hata asili yake, maana Witkins ni yote matatu: shingo iliyopindwa na kitanzi, biashara iliyopindwa na ulafi, na masalio ya karne iliyokwisha ambayo yamekataa kutupwa.

Katika kitabu, Hellboy anaisindikiza safari ya Tom. Hasemi mengi. Anasikiliza masimulizi, anauliza maswali mafupi, anapigana panapohitajika kupigana. Habari za mkono wake na bishara zake hazichukui nafasi ya mbele. Jambo hili si la bahati mbaya. Mtu ambaye maisha yake yote yametawaliwa na swali la uzawa amewekwa awe shahidi wa mtu mwenye swali jingine kabisa. Tom hana wa kumlaumu katika ukoo wake. Baba yake hakuwa nyoka. Tom mwenyewe ndiye aliyechemsha chungu.

Tukio la farasi linalithibitisha hilo. Effie anatokea akiwa amempanda farasi, na farasi huyo kumbe ni baba yake Tom aliyegeuzwa kwa uchawi. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka ndugu za Adili waliogeuzwa manyani. Lakini tofauti ni kubwa. Katika Adili na Nduguze waliogeuzwa ni wakosaji, na umbo la mnyama ni hukumu iliyowafikia wenyewe. Hapa aliyegeuzwa ni asiye na kosa. Adhabu imemwangukia mzazi, na mtoto ndiye anayerudi kuiona. Shaaban Robert anamwonyesha msomaji ulimwengu ambamo haki huchelewa lakini hufika kwenye mlango wake. Mignola na Corben wanaonyesha ulimwengu ambamo deni la mmoja hutozwa mwingine, na ndiyo maana Tom hana budi kulipa kwa nafsi yake.

UFUKARA ULIOFAA

Filamu mbili za kwanza za Hellboy zilielekezwa na Guillermo del Toro mwaka 2004 na 2008, na Ron Perlman akiwa shujaa. Ya kwanza iliripotiwa kugharimu zaidi ya dola milioni 60, na ya pili zaidi ya milioni 80. Ya tatu, ya Neil Marshall ya mwaka 2019, iliripotiwa kugharimu kiasi cha milioni 50. Filamu ya Taylor, iliyopigwa nchini Bulgaria mwaka 2023 na kumpa Jack Kesy nafasi ya Hellboy, ilitajwa kuwa na kiasi cha milioni 20. Huko Marekani ilitolewa mwezi Oktoba 2024 kwa njia ya dijitali. Ni dhahiri kwamba "gharama ndogo" ni maneno ya ulinganisho tu: fedha hizo zingetosha kutengenezea filamu nyingi mno za Afrika Mashariki. Lakini katika soko la mashujaa wa katuni huo ni ufukara, na dalili zake zaonekana kiwamboni. Wahusika ni wachache. Mahali pa kutendea ni msitu, vibanda na kanisa moja. Hakuna jiji linaloporomoka wala jeshi linaloshuka kutoka mbinguni.

Ufukara huu umeirudisha hadithi kwenye kipimo chake. Vitisho vya kitabu ni vya nyumbani: chungu, mfupa, ngozi, farasi, koleo. Mwelekezi mwenye fedha nyingi hushawishika kuvikuza vitu kama hivi mpaka vipoteze unyumba wao. Taylor hakuwa na uwezo huo, na kwa hiyo kamera yake imelazimika kukaa karibu na uso wa mtu na kuliacha giza la msitu lifanye kazi iliyosalia. Mfano bora ni tukio la nyumbani kwa Cora Fisher. Ngozi ya mwanamke huyu imekutwa nyumbani ikiwa tupu mfano wa vazi lililovuliwa, na mwenyewe hayumo. Kisha ngozi inaanza kujaa tena. Tukio halihitaji nafasi kubwa wala umati wa watu. Linahitaji chumba, mwanga hafifu na subira, na hapa filamu imeipata subira hiyo.

Tukio hilo lina mizizi inayostahili kutajwa. Masimulizi ya wachawi wanaovua ngozi zao usiku yamerekodiwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa jamii ya Gullah katika pwani ya South Carolina na Georgia, na yapo pia katika visiwa vya Karibi. Mfupa wa paka mweusi nao ni kitu kinachojulikana sana katika uganga wa Wamarekani weusi wa kusini. Kwa hiyo uchawi unaoonyeshwa katika milima hii, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa milki ya wahamiaji kutoka Ulaya peke yao, una nyuzi zilizofumwa na watoto wa Afrika waliopelekwa huko utumwani. Filamu imempa Joseph Marcell, mwigizaji mweusi wa Uingereza mzaliwa wa Saint Lucia, nafasi ya Mchungaji Watts, mzee kipofu anayelinda kanisa. Uchaguzi huo, hata kama haukukusudia kutoa somo la historia, umerudisha mbele ya macho watu ambao masimulizi yao yamo ndani ya hadithi tangu mwanzo. Sauti ya Marcell, nzito na isiyo na haraka, ndiyo inayolifanya kanisa hilo dogo lionekane mahali panapostahili kutetewa.

Mazingirwa ya kanisani ni kilele cha kitabu na ni kilele cha filamu pia. Mlangoni yuko mdai. Ndani wamo mchungaji asiyeona, mdeni aliyetubu, maiti ya baba yake, na shetani mwekundu aliyekuja kusaidia. Silaha yao ni koleo la kuchimbia lililobarikiwa. Ukumbi mmoja na watu wachache: huu ni mpangilio wa tamthilia, na ni vigumu kuona dola milioni 60 zingeliongezea nini.

MAHALI FILAMU ILIPOPOTEA

Iwapo ufukara uliisaidia filamu, basi kasoro zake zimetoka wapi? Jibu limo katika mambo matatu ambayo hayamo kitabuni. Yote matatu yanaelekea upande mmoja.

La kwanza ni mwanzo wake. Kitabu kinaanza Hellboy akiwa tayari milimani, bila maelezo marefu. Filamu, ambayo imesogeza wakati hadi mwaka 1959, inaanza ndani ya gari la moshi ambamo Hellboy na mwenzake wanasafirisha buibui wa kishetani. Buibui anatoroka, behewa linaanguka, na wasafiri wanajikuta mlimani. Hapa ndipo uchache wa fedha unaonekana kuwa aibu, kwa sababu hapa ndipo filamu inapojaribu kuuficha. Buibui huyo hahusiani na deni la Tom. Amewekwa ili mtazamaji apewe kishindo mapema asije akaondoka. Taylor, ambaye pamoja na Mark Neveldine alielekeza filamu za mbio na vurugu kama Crank ya mwaka 2006, anaifahamu sana kazi ya kishindo. Hadithi hii haikumwomba kazi hiyo.

La pili ni Bobbie Jo Song, mtafiti wa idara, anayeigizwa na Adeline Rudolph. Si haki kusema kwamba mhusika mpya ni kosa kwa kuwa tu ni mpya. Mtafiti aliyezoea kusoma habari za uchawi maktabani, anapokutana nao uso kwa uso, angeweza kuwa kioo kizuri cha Tom. Yeye ana maarifa bila deni, na Tom ana deni lililotangulia maarifa. Filamu inaigusa fikra hiyo, kisha inaiacha. Mara nyingi Bobbie Jo anatumika kuuliza maswali ili wengine wapate kueleza, na matokeo yake ni kwamba kimya cha kitabu kinajazwa maneno. Hellboy asiyesema mengi sasa ana wa kusema naye.

La tatu ndilo zito. Katika sehemu ya pili ya filamu, mama yake Hellboy, binadamu aliyekuwa mchawi, analetwa kiwamboni kwa njia ya maono, na uzawa wa shujaa unawekwa katikati ya mambo. Mignola alikwisha kuisimulia habari ya mama huyo mahali pengine, katika hadithi fupi ya The Chained Coffin, na huko inafaa, kwa kuwa hadithi hiyo inahusu uzawa. Kuipandikiza hapa ni kuleta methali ya kwanza katika nyumba ya methali ya pili. Mtazamaji aliyekuwa akiuliza "Je, Tom atalipa?" sasa anatakiwa aulize "Je, Hellboy ni mtoto wa nani?" Swali la kwanza lilikuwa la uwajibikaji. La pili ni la nasaba. Maswali haya hayawezi kugawana kiti kimoja, na katika ushindani huo Tom ndiye aliyesimamishwa.

Inaweza kutolewa hoja kwamba filamu ilitaka kuyalinganisha: Tom ni mwana wa mtu mwema aliyetenda uovu, na Hellboy ni mwana wa uovu anayetenda wema. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo utetezi bora wa filamu. Lakini ulinganisho huo ulikwisha kuwamo kitabuni, bila kutajwa. Msomaji anaiona ngozi nyekundu na visiki vya pembe katika kila ukurasa. Hahitaji kukumbushwa kwamba huyu naye ana kisa cha kuzaliwa. Kinachomgusa ni kwamba Hellboy, mwenye sababu zote za kuizungumzia asili yake, anakaa kimya ili mwenye deni apate kusema. Jefferson White anamwigiza Tom kwa unyenyekevu na huzuni ya kweli, na kila anapopewa nafasi anaonyesha kwamba angeweza kuibeba filamu nzima. Hakupewa nafasi ya kutosha.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Mignola mwenyewe ni mmoja wa waandishi watatu wa mswada wa filamu, pamoja na Christopher Golden na Taylor. Jambo hili limechukuliwa na baadhi ya watazamaji kuwa hati ya uhalali. Uhakiki hauwezi kulikubali hivyo. Mtunzi ana haki ya kuigeuza kazi yake, lakini haki hiyo haimzuii mhakiki kusema kwamba toleo la mwanzo lilikuwa na hekima ambayo la pili limeipoteza. Anayeipima filamu hii kwa utiifu atakuta matukio mengi yamo: ngozi imo, farasi yumo, kanisa limo, koleo limo. Kilichobadilika ni mwenye hadithi, na badiliko hilo halionekani katika orodha ya matukio.

HITIMISHO

Umuhimu wa suala hili kwa wanafunzi wa fasihi na lugha katika Afrika Mashariki hauko katika pembe za Hellboy. Uko katika mizani. Filamu za kutisha za Kiswahili, mathalani Nsyuka ya Mussa Banzi iliyotengenezwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilifanywa kwa vifaa vya kawaida vya video na kwa fedha ambazo haziwezi hata kulinganishwa na milioni 20 za Taylor. Wasomi wengi walizipuuza kwa kuzitazama ubora wa picha tu, kisha wakaacha kuuliza zilikuwa zikisema nini kuhusu uchawi, mali, ukoo na lawama. Mhakiki anayeamini kwamba ufukara wa vifaa ni ufukara wa fikra hawezi kuzisoma filamu hizo. Hawezi pia kuzikosoa kwa haki, kwa sababu kila kasoro ataisingizia fedha na kuwaachia watunzi lawama waliyostahili kuibeba.

The Crooked Man inatoa ushahidi wa pande zote mbili. Pale ilipokubali ufukara wake, katika chumba cha Cora na katika kanisa la Mchungaji Watts, imefikia utisho ambao filamu zilizoitangulia, kwa fahari yao yote, hazikuukaribia. Pale ilipouonea haya, katika buibui wa behewani, imechekesha. Na pale ilipofanya kosa lake kubwa, la kumwondoa mdeni na kumrudisha mrithi, fedha hazikuwa na neno hata kidogo. Kosa hilo lingeweza kufanywa kwa dola milioni 80. Lingeweza pia kuepukwa bila senti moja, kwa kufuta kurasa chache za mswada.

Ikiwa siku moja mwelekezi wa Kiswahili ataigeuza kuwa filamu hadithi ya mtu aliyejiuza kwa tamaa na akarudi nyumbani kulipa, atakuta vifaa vyake vya kutisha viko tayari katika chungu, mfupa na mlango wa nyumba ya ibada. Atakalohitaji zaidi ni kujua deni ni la nani, na kutomwondoa mwenye deni hilo katikati ya kiwambo mpaka amelilipa.